Kuunganisha, kuoanisha au kufungamanisha?

SWALI: Naandika mwongozo wa programu inayozifanya programu mbili zikokotoe kwa pamoja: moja mtiririko wa maji na hewa, nyingine mpindo na joto la vyuma. Mwenzangu mmoja anaandika "kuunganisha", mwingine "kuoanisha", mimi nimezoea "kufungamanisha". Lipi sahihi? Na kazi nzima tuiite "simulizi"?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana ni jepesi: hapana. "Simulizi" imetokana na kusimulia, na programu yenu haimsimulii mtu chochote. Neno hili limewaponza wengi kwa mlio wake tu, unaofanana na "simulation" ya Kiingereza. Kinachofanyika ni kuiga, kwa hiyo semeni "uigaji". ("Uigizaji" tuwaachie watu wa jukwaani.)

Vitenzi vyote vitatu ni Kiswahili safi, ila kila kimoja kina kazi yake. "Unganisha" ni kipana mno: bomba huunganishwa na bomba, waya na waya, kila kimoja kikabaki vilevile. Programu ya mtiririko ikikokotoa joto la hewa, ikaikabidhi ile ya vyuma na isipokee kitu, hapo zimeunganishwa. Data imekwenda, haikurudi.

"Fungamana" ni habari nyingine. Kati ya "funga" na -ana kumeingia -am-, ileile iliyomo katika "shikamana" na "gandamana", inayoonyesha hali iliyokaa. Vilivyofungamana, hukigusi kimoja usikitikise kingine. Ndiyo maana nchi zilizokataa kambi zote mbili za Vita Baridi ziliitwa "zisizofungamana na upande wowote".

Chukueni bati jembamba lililosimamishwa katika mkondo wa maji. Maji yanalisukuma, linapinda. Likishapinda, njia ya maji imebadilika, na msukumo nao si ule wa awali. Basi programu ya mtiririko inatuma msukumo, ya vyuma inarudisha mpindo, zinapokezana hivyo ndani ya hatua moja ya muda hadi majibu yasibadilike tena kwa kiasi cha kujali, ndipo zisonge mbele. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilianguka tarehe 7 Novemba 1940 kwa mambo ya namna hiyo: upepo wa kilomita 65 hivi kwa saa ulilisokota, na msokoto wenyewe ukageuza jinsi upepo ulivyolipiga, hadi likakatika. Kuuita uhusiano huo "muungano" ni kuupunja.

"Oanisha" nayo msiitupe. Kuoana ni kulingana, kupatana. Kwenye mpaka wa bati na maji hukutana nyavu mbili za hesabu (kila programu huligawa eneo lake vipande vidogo kama matundu ya wavu, ikakokotoa kwa kila kimoja), na aghalabu hazilingani: wa maji una matundu madogo, wa chuma makubwa. Kuzihamisha namba kutoka wavu huu kwenda ule zisipotee njiani, na kuzipatanisha hatua za muda, huko ndiko kuoanisha. Ni sehemu tu ya kazi, ingawa wanaoifanya watakuambia ndiyo inayowanyima usingizi.

Kwa upande wa nomino, "ufungamanishaji" ni tendo la mwandishi wa programu. "Mfungamano" ni hali iliyopo kati ya maji na bati, kompyuta iwepo isiwepo. Chombo chenyewe, mfano preCICE inayozikutanisha OpenFOAM (programu ya mtiririko) na CalculiX (ya vyuma), kiiteni "kifungamanishi". "Kiunganishi" wanasarufi walikwisha kulichukua zamani, wala hatulirudishi.