Bwana Fuso Kenta, Mwenyeji wa Nachingwea

Kichekesho changu cha kwanza cha mgeni kutoka sayari nyingine kilidoda mbele ya watu kama sitini, uani kwa shangazi yangu, Lindi mjini. Nilikuwa nimeuchukua mzaha wa Waingereza nikauleta mzimamzima. Katika mchezo wa redio wa Douglas Adams, uliorushwa na BBC mwaka 1978, mgeni wa anga anajiita Ford Prefect akiamini jina hilo halitamshtua mtu yeyote duniani. Kumbe ni jina la gari, tena gari la kawaida kabisa la Uingereza, lililoacha kutengenezwa mwaka 1961. Mwingereza wa enzi hizo alicheka bila kufafanuliwa. Pale uani watu walinitazama tu. Mwalimu mmoja mstaafu akaniuliza baadaye, taratibu, "Mjukuu wangu, huyo Ford alikuwa kiranja wa shule ipi?"

Swali lake lilichekesha kuliko mchezo wangu wote.

Nilichojifunza ni kwamba hadhira lazima ianze kuwa na kile kitu kichwani kabla mgeni hajakikosea. Ukianza kueleza gari ni gari gani, mzaha umeshapoa. Hata filamu ya mchezo huo iliyotoka mwaka 2005 ina kipande kinachomwonyesha huyo Ford akitaka kulisalimia gari kwa mkono, yaani mtazamaji anaoneshwa kosa kwa macho.

Kwa hiyo msimu wa korosho ulipofika nikaenda kukaa njia panda ya Mnazi Mmoja ya huku Lindi, daftari mkononi, nikawa natazama barabara kwa macho ya mtu aliyeshuka jana. Linakuja Fuso limejaa magunia. Linapiga honi, bodaboda wote wanapisha. Likisimama, watu wanalikimbilia: huyu analiosha uso, yule analifunika turubai, mwingine analinywesha maji, na utingo anaingia uvunguni kifudifudi. Kwa ushahidi huo, wewe ungesema nani ndiye mtawala wa dunia hii na nani ni watumwa wake?

Hapo nikampata mgeni wangu. Anajitambulisha, "Naitwa Fuso Kenta, mwenyeji wa Nachingwea." Kisha anasimama mbele ya lori, anavua kofia, anainama: "Shikamoo, mkuu." Sauti inatoka uvunguni, "Marahaba. Unaenda Masasi au Tunduru?" Utingo anachomoka kapakaa grisi, na mgeni anaandika kwenye kitabu chake kwamba mkuu ana watoto wachafu lakini wakarimu.

Angalia, mgeni huyo si mjinga. Wengi wanaoandika vichekesho vya namna hii humfanya mgeni zuzu anayegonga ukuta, wakadhani wamemaliza. Mpe akili nyingi. Aone vizuri, apime vizuri, akosee hesabu moja tu ya mwanzo, halafu kila kinachofuata kitoke kwenye kosa hilo.

Na usimtume akacheke chale za bibi wa Kimakonde. Utani wa makabila una wenyewe, na mgeni wa anga si mtani wa mtu. Akosee yeye, sisi ndio tumcheke.

Jambo jingine ni kwamba mzaha haufiki kila mahali ukiwa na uzito uleule. Nina kipande cha mgeni aliyeishi hapa miaka milioni 150 iliyopita, sasa karudi Tendaguru, kilima cha huku Lindi, kumtafuta rafiki yake, yule mjusi mkubwa, yaani dinosaria. Anaambiwa, "Alihamia Berlin." Lindi hii hawahitaji maelezo: wanajua Wajerumani walichimba mifupa kati ya mwaka 1909 na 1913, na kwamba ni babu zetu walioibeba kwa miguu hadi bandarini. Nilipokipeleka Mtwara mbele ya vijana, nusu walicheka na nusu wakaangaliana. Siku hizi mapema kabisa namweka mtoto anayekariri somo lake kwa sauti, "Mjusi wa Tendaguru ana kimo cha zaidi ya mita 13, anakaa Ujerumani," mama yake anamwambia apunguze kelele, basi. Dakika kumi baadaye mgeni anapouliza, hakuna anayeachwa nyuma.

Ila bado Lindi ndiko kinakonoga. Safari ya mwisho mzee mmoja wa mstari wa mbele alidakia kabla mwigizaji hajafungua mdomo: "Mwambieni huyo mjusi atume nauli, tumfuate!" Sentensi hiyo nimeshaiingiza kwenye mchezo, na mzee ana soda yake kila tunapoigiza.