Kwa aliyeuliza kwa nini siku 21 hazikutosha

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini, baada ya siku 21 za kutembea kila asubuhi hapa Lamu, bado unajilazimisha, na kama siku moja uliyoikosa imeharibu kazi yote. Haijaharibu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 wenye kujijengea desturi mpya, wakakadiria kuwa jambo huzoeleka hadi likafanyika bila kufikiriwa baada ya siku kati ya 18 na 254, na kwamba kukosa mara moja hakumrudishi mtu nyuma kwa kiasi cha maana. Mazoezi huchelewa kuzoeleka kuliko kunywa maji.

Ninalokusihi zaidi ni kuifunga desturi mpya kwenye kitendo ambacho tayari hukiachi, kwa kuwa akili hujifunza kwa kuona jambo moja likifuata jingine mahali palepale. Ukitoka msikitini alfajiri, pita nyumbani kuvaa viatu tu, kisha ushike njia ya pwani kuelekea Shela. Mimi huviweka vyangu dakani tangu usiku, soksi zikiwa ndani yake. Majuma ya mwanzo niliishia gatini, nikarudi, na siku hiyo niliihesabu.