Chenso ya kuni Dodoma: usikimbilie baa ndefu

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya Kichina, boksi limeandikwa 5800, baa, yaani ule upanga ambao cheni inauzunguka, ya inchi 20 inang'aa. Pembeni yake ilikaa nyingine ya baa fupi ambayo hata bei sikuuliza. Niliona ile ni ya kupunguzia maua. Nikaifunga nyuma ya bodaboda, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Kazi ya kwanza niliipata Nala, kwa mzee aliyekuwa anasafisha kiwanja cha mwanawe. Migunga saba ilikuwa imeangushwa kwa shoka na kulala chini karibu mwaka mzima, mikavu kabisa, unene wa sentimita 25 hadi 30. Nikajisemea hii kazi ya asubuhi moja. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza miti miwili tu. Cheni ilikuwa imeacha kutoa maranda, inatoa unga laini kama sembe, na baa inafuka moshi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwarobaini ananitazama. Akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine inakata miti au inalima?"

Ilikuwa inalima kweli. Inchi 20 ni sentimita 50. Ukiikatia gogo la sentimita 30 lililolala chini, sentimita 20 zinabaki upande wa pili, mahali usipopaona. Kila gogo likikaribia kukatika, ncha inachovya mchangani. Na mchanga wa huku kwetu unaujua, mwekundu, umejaa changarawe. Cheni ikiwa kwenye moto wake inakwenda karibu mita 20 kwa sekunde, na cheni yote ya mashine kama ile haifiki urefu wa mita moja na nusu. Nusu sekunde ya kugusa chini inatosha kila jino kupita mchangani mara kadhaa. Ndiyo maana baada ya pale unasukuma mashine kwa tumbo, moshi unatoka, na unasingizia injini.

Nikuambie jambo ambalo wauza mashine hawalisemi: gogo halijui baa yako ina urefu gani. Unene wa sentimita 30 unakutana na meno yale yale ya sentimita 30, uwe na baa ya inchi 16 au 20. Zile inchi za ziada hazikati kitu. Zenyewe ni za kubeba, za kupaka oili, za kunoa jioni, na za kulima. Ile cheni yangu ya inchi 20 ilikuwa na viungo 76, vile vinavyopita kwenye mfereji wa baa, na kila viwili vina jino moja, maana yake meno 38. Niliyofunga baadaye, ya inchi 16, ilikuwa na viungo 64, meno 32. Meno sita unaweza kuyaona machache. Noa mara tatu kwa siku kwa wiki nzima ndipo uniambie.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, nenda na futi ya kupimia pale unapotarajia kukata. Pima magogo kumi, usipime lile moja kubwa linalokutisha. Ukiona mengi yako chini ya sentimita 35, chukua baa ya inchi 16, yaani sentimita 40. Yakiwa mengi ya sentimita 35 hadi 40, kama mikaratusi ya mashambani au miarobaini ya zamani ya uani, inchi 18. Na lile moja kubwa? Unalikata upande mmoja, unalibiringisha kwa mtaimbo, unamalizia upande wa pili. Kwa njia hiyo baa ya inchi 16 inamaliza gogo la sentimita 60 na zaidi bila shida. Kijana mwenye mtaimbo ni rahisi kumpata kuliko cheni mpya.

Sasa injini. Kwa kuni, ukubwa wa kati ninaouzungumzia ni kuanzia cc 45 hadi 60. Kwa mfano Stihl MS 250 ina cc 45.4 na uzito wa kilo 4.6 bila baa na cheni. Hiyo ifungie inchi 16 na usiilazimishe zaidi kwenye mgunga mkavu. Stihl MS 291 na Husqvarna 455 zote zina cc 55.5, na zinakaribia kilo 6. Hizo zinabeba inchi 16 au 18 kwa raha. Sitaji haya majina ili ukanunue, nataja ili ukiona mashine nyingine uwe na cha kulinganisha. Zile kubwa za wapasua mbao, kama MS 070 ya cc 106, achana nazo. Kuni ni kuinama na kuinuka mara mia mbili kwa siku, na mgongo una kumbukumbu.

Namba iliyoandikwa kwenye mashine nyingi za bei nafuu, 5200 au 5800, usiichukulie kama ndiyo cc 52 au 58. Mara nyingi injini ya ndani ni ndogo kuliko maandishi. Kuna jambo jingine ambalo fundi mmoja wa Majengo alinifungua macho: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini ya aina hii hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mashine iliyosetiwa kabureta Dar es Salaam ikifika huku inakunywa petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi na inakuwa nzito. Mpe fundi aisikilize. Na siku ukiipeleka kwa shemeji Bagamoyo, isetiwe tena kabla haijafanya kazi, kwa sababu kule itakuwa na njaa ya petroli, na injini yenye njaa inaungua pistoni ikiwa bado inalia vizuri.

Jumlisha sasa: mashine iliyoandikwa 5800, injini ndogo kuliko jina lake, nguvu imepungua kwa mwinuko, mti ni mgunga mkavu, na mimi nimeifungia inchi 20. Sikuwa nimenunua mashine mbovu. Niliivisha viatu vya baba yake.

Kwenye cheni ndipo napenda mgeni wa kazi hii akae muda mrefu kidogo. Kuna meno yenye kona kali kabisa, na meno yenye kona ya mviringo. Yenye kona kali yanakata haraka kwenye mti mbichi na safi. Huku hatuna vitu hivyo. Mti wetu umepigwa na upepo wa vumbi kuanzia Mei mpaka Novemba, gome limeshiba mchanga. Chukua yenye kona ya mviringo. Inakata polepole kidogo, ila inavumilia uchafu. Ukifika kwa muuzaji mwonyeshe kwa kidole, usimwachie achague yeye.

Halafu kuna mchwa. Gogo kavu lililolala miezi porini au kiwanjani huwa limefunikwa ule udongo wa mchwa, na mwingine umeingia ndani ya nyufa. Ukikata juu yake ni sawa na kukata tofali. Mimi nina panga la zamani, butu, kazi yake ni hiyo tu: kabla ya kuwasha mashine napita nikikwangua kila mahali nitakapokata, upana wa kiganja. Kisha nachomeka kipande cha mti chini ya gogo ili linyanyuke kutoka ardhini. Ile siku ya Nala sikujua hili. Siku ya pili nilirudi na panga na kabari mbili za mti, na miti mitano iliyobaki nikaimaliza kabla ya adhuhuri, kwa mashine ile ile, nikiwa nimekopa baa ya inchi 16 kwa jirani. Miarobaini ya uani ina balaa lake: misumari ya matangazo, na waya wa kuanikia nguo ambao mti umeumeza ukafunga gome juu yake. Muulize mama mwenye nyumba walikuwa wanaanika wapi.

Kunoa ni wewe mwenyewe, usisubiri fundi. Tupa ya duara lazima ilingane na cheni. Cheni ya .325 (namba hiyo ni nafasi ya ripiti kwa inchi) inataka tupa ya milimita 4.8, ya 3/8 inataka 5.2 au 5.5 kutegemea kampuni. Namba za cheni huwa zimegongwa kwenye baa karibu na inapofungiwa. Zikiwa zimefutika, pima kutoka ripiti moja hadi ya tatu yake kisha gawa kwa mbili. Kila jino mipigo miwili mitatu, kwenda mbele tu, pembe kama nyuzi 30, na mipigo iwe sawa kushoto na kulia. Ukiupendelea mkono wako wa kulia, mashine itakata upinde. Baada ya kunoa mara nne au tano, punguza kwa tupa bapa kile kinundu kilicho mbele ya kila jino, lakini kidogo sana, kibaki chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukikishusha sana mashine inaanza kurukaruka na kung'ata.

Kuhusu kuruka, sitasema mengi. Ncha ya baa, ile sehemu ya juu, ikigusa kitu wakati cheni inazunguka, mashine inarushwa kuelekea usoni kwako. Mimi ilikuwa ni gogo la nyuma ambalo sikuliona, kwa sababu zile sentimita 20 za ziada zilikuwa zimelifikia. Baa ilipita karibu na sikio, breki ikafunga cheni. Tangu hapo breki ya cheni naijaribu kila asubuhi kabla ya chai. Mashine isiyo na breki inayofanya kazi usiinunue hata ukipewa kwa mkopo. Kidole gumba kizunguke mpini wa mbele, na kandambili ziache nyumbani.

Petroli: kwa oili nzuri ya kuchanganyia, wengi wa watengenezaji wanataka 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5. Mashine nyingi za bei nafuu zinataka 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita moja. Soma karatasi yako. Usipime kwa kifuniko cha chupa ya maji, kijana wangu alifanya hivyo na mashine ikanoki siku hiyo hiyo. Kwenye tangi la cheni usitie oili chafu ya gari. Ina chembe za chuma zinazokula pampu. Filta ya hewa ikung'ute kila ukijaza mafuta, kwa vumbi letu si jambo la kungoja Jumamosi.

Kabla hujalipia, piga hesabu ya wateja. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, mwisho ukiwa Januari 2024, kwa hiyo usinunue mashine ukitegemea shule. Waliobaki ni majumbani, wachoma matofali, na kazi za kusafisha viwanja, ambazo kusema kweli ndizo zinanilisha mimi. Pitia pia ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, uulizie kibali cha kuvuna, hati ya kusafirisha, na wanataka nini kuhusu mashine yenyewe. Uende kabla, usiende ukiwa umeshikwa barabarani na kirikuu kimejaa.

Pale dukani, ukishachagua, omba baa ya inchi 16 badala ya iliyokuja kwenye boksi, cheni mbili, na tupa tatu. Muuzaji atashangaa kidogo. Ile yangu ya inchi 20 bado ninayo, imening'inia ukutani na kutu kidogo. Mara ya mwisho niliifunga kwa ajili ya mkaratusi mmoja wa Mkonze, nikaitoa siku hiyo hiyo jioni.