Maji ya shughuli bila katoni za chupa: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Tangu niseme kwamba shughuli zetu Tanga zinaweza kunywesha watu bila chupa za kutupa, maswali yamekuja mengi. Haya ni yale yaliyorudiwa zaidi.

Bi Mkubwa, shikamoo. Naoza binti yangu Makorora, wageni 300. Kamati inataka katoni za maji. Nikiweka ndoo, si watasema nimebania? – Mama wa bi harusi

Marahaba mwanangu, na hongera. Watu husema umebania maji yakikatika, au yakiwa ya moto, au mgeni akiyatafuta asiyaone. Kwa joto letu, mpigie kila mgeni hesabu ya lita moja. Hizo ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Ukinunua chupa za nusu lita ni chupa 600, na asubuhi utakuta nyingi chini ya viti zina maji nusu, maana mtu akishaweka chupa chini hajui tena ipi yake, anafungua nyingine.

Wanaokukodisha masufuria na sahani wana bilauri pia. Kodi za kuzidi wageni kidogo, na weka beseni mbili na sabuni kwa wanaoosha. Kisha wape vijana wanne majagi wapite kwenye viti, kama wanavyopita na birika la kunawa. Mgeni anayemiminiwa maji ya baridi mkononi hajisikii kabaniwa hata kidogo.

Shughuli nyingi huharibikia pale ambapo ndoo zinapangwa vizuri lakini hakuna aliyekabidhiwa. Chakula kina msimamizi, muziki una msimamizi, maji hayana mwenyewe. Saa mbili usiku ndoo ni tupu na watoto wanatumwa dukani kuleta chupa. Kwenye kikao kijacho taja mtu wa maji kwa jina, aandikwe kwenye daftari kama mpishi. Katoni moja au mbili waachie wanaosafiri usiku uleule, hao nawaelewa.

Na kipindupindu je? Mimi siamini maji ya ndoo. – Baba wa watoto watatu, Chumbageni

Una haki ya kuogopa. Maji ya bomba ya Tanga hutoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kutufikia. Mara nyingi uchafu huingia baada ya bomba: kwenye dumu lisilooshwa, kwenye mikono, na zaidi kwenye kile kikombe kimoja kinachochovywa na kila anayepita. Kwa hiyo ndoo ya shughuli iwe na mfuniko na koki, mtu asitie mkono wala kikombe ndani. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa lisikaribie kabisa.

Yachemshe mpaka yatokote, uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukikosa kuni za kutosha, kidonge kimoja cha WaterGuard cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Barafu ya kupozea samaki msiitumbukize ndani ya maji, nakuombeni sana. Ipangeni nje, kuzunguka dumu. Na bwana afya akitangaza kuna mlipuko, mfuateni yeye. Akisema siku hizo wageni wapewe maji ya chupa yaliyofungwa, wapeni.

Serikali si ilishapiga marufuku plastiki? – Msomaji, Ngamiani

Iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea. Chupa za maji bado zinauzwa kihalali.

Waokota makopo si wanazikusanya zote na kuziuza? – Mwanafunzi

Wanafanya kazi ambayo sisi wenye shughuli tumeikwepa, na nawaheshimu. Lakini chupa tupu ya nusu lita ina gramu kumi na kitu tu, hivyo kupata kilo moja mtu anainama mara 50 na zaidi. Anachukua zilizo karibu. Mvua ya usiku inabeba nyingine hadi mtaroni, na mitaro yetu inaishia baharini, ile bahari yenye Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale. Iliyofungwa kizibo huelea. Iliyo wazi hujaa maji ikazama, kwa sababu plastiki yake ni nzito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ufuko ukionekana safi bado kuna za chini. Zile chache mtakazotumia zitieni gunia lake, zisichanganywe na mabaki ya pilau, mumkabidhi mwokotaji mkononi.

Naweza kuijaza chupa ileile kila siku? – Dada wa Sahare

Kwa siku moja mbili, sawa. Mdomo wake mwembamba hauruhusu kusugua ndani. Usitie maji ya moto, itajikunja. Nunua chupa ya bati mara moja.

Tunaandaa bonanza la mpira la mitaa, watu kama 500. Tuanzie wapi? – Katibu wa kamati

Anzia kwenye bomba. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma ya maji. Nasikitika mji unaokopa kiasi hicho kwa ajili ya bomba unapoleta uwanjani maji ya chupa kwa lori. Uniti moja ya mita ya maji ni lita 1,000, inawatosha na kubaki. Azimeni simtanki, lisuguliwe siku moja kabla, lifungwe koki sita zilizotawanyika, moja iwe chini kwa ajili ya watoto. Kwenye tangazo andikeni kwa herufi kubwa: njoo na chupa yako. Mlango wa uwanja ujulishwe mapema, maana walinzi hupenda kuzizuia. Na atakayesahau chupa, muwekeeni vikombe vya bati na mtu wa kuviosha.