Laini inasoma simu ya zamani, kwenye hii ya Marekani inabaki 2G

Ndugu, umeuliza kwa nini laini yako inabaki 2G kwenye simu mpya ya soko la Marekani. Kama laini hiyo hiyo inashika 4G kwenye simu yako ya zamani, usihangaike kuibadilisha. Laini ni nzima. Na kwa kuwa simu mpya inapiga na kupokea bila kudai namba ya kuifungua, haijafungwa kwa mtandao wa Marekani pia.

Ninachokiona hapo ni tatizo la masafa ya mawimbi ya redio. 4G hurushwa kwa bendi nyingi, yaani mafungu ya masafa hayo, na simu hukamata zile tu ilizoundwa nazo. Simu kadhaa za soko la Marekani hazina bendi ya 20 (800 MHz), ambayo mitandao mingi nje ya huko huitegemea kufika mbali. Ndiyo maana unaweza kupata 4G mjini, ukitoka kidogo inapotea.

Kwanza hakikisha mipangilio haijabanwa kwenye 2G pekee. Kisha tafuta namba kamili ya modeli, siyo jina tu, maana simu za jina moja hutofautiana bendi kwa soko. Kwa namba hiyo tafuta bendi za simu, uzilinganishe na za mtandao wako. Bendi ikikosekana kwenye simu, hakuna programu ya kuiongeza. Mrudishie muuzaji mapema.