Anzeni na anayeshinda naye

Mhariri, juma hili mmetuuliza: katika nchi maskini, mtoto mwenye ulemavu wa akili asaidiwe vipi kwanza? Najua wengi watataja shule maalumu. Mimi ni mwalimu wa kitengo maalumu katika shule ya msingi hapa Pwani ya Kenya, na bado nasema shule si ya kwanza. Wa kwanza kusaidiwa ni yule anayeshinda na mtoto, ambaye mara nyingi ni mama au nyanya.

Watu wakisikia mtoto kafungiwa chumbani mchana kutwa, hupiga kelele kwamba ni ukatili. Ukatili upo, sikatai. Lakini mama wa vibarua, ana mtoto wa miaka kumi anayekimbilia barabarani, hana wa kumwachia; afanyeje? Asipotoka, hawali. Ipo Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hazidharauliki, ila kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi, na nepi za mtoto mkubwa huzimaliza mapema. Vituo vya tathmini, vya kumpima mtoto na kujua mahitaji yake, navyo tunavyo tangu 1984. Nauli ya kufika huko ndiyo shida.

Kisha mama aonyeshwe namna ya kufundisha. Chukua shati. Mama amvishe mtoto, afunge vifungo vyote isipokuwa cha mwisho. Hicho akipenyeze nusu, mtoto akivute mwenyewe. Akikimudu, aachiwe viwili. Tunaanzia mwisho makusudi, ili kila asubuhi mtoto awe ndiye aliyemaliza kazi. Huenda ikachukua muhula mzima. Na siku mama akichelewa kibarua atavifunga vyote mwenyewe, nani amlaumu?

Halafu kuna kifafa, ambacho huandamana sana na ulemavu huu. Fenobabitoni ni dawa rahisi kwa bei, lakini zahanati ikiishiwa na dozi ikakatika ghafla, mtoto huanguka mfululizo, na yale ya vifungo tunayaanza upya. Hapo ndipo jirani humwambia mama ampeleke kwa mganga, na mganga huyo hatozi kidogo.

Shuleni kwetu wafadhili waliuliza tunahitaji nini, wakajibiwa rangi ya darasa. Ningeulizwa mimi, ningetaja fenobabitoni.