Kusomea udaktari kwa simu: yaliyowezekana nikiwa Ujiji na yaliyonisubiri wodini

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama mdogo wako wa Tabora anayesomea utabibu akubali kusoma muhula mzima kwa simu, iwapo chuo chao kitafungwa kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa. Nakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe.

Machi 2020, mara baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini, vyuo vilifungwa. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, ndiyo kwanza tumeanza kuingia wodini, nikarudi nyumbani Ujiji. Mhadhiri mmoja alijitolea kutufundisha kwa video ya moja kwa moja, lakini picha iliganda kila mara na bando liliisha kabla kipindi hakijamalizika. Isitoshe, Kigoma wakati ule ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, kwani ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya Taifa, na ulipokatika jioni simu nazo zilizima. Tukamwomba arekodi sauti ya dakika kumi kumi na kuituma WhatsApp pamoja na slaidi, kila mtu asikilize apatapo nafasi. Hapo ndipo masomo yalipoanza kwenda.

Famakolojia (elimu ya dawa) na patholojia (elimu ya magonjwa) zilisomeka vizuri. Kilichonifaa zaidi, hata kuliko darasani, ni mazoezi ya kumhoji mgonjwa. Mhadhiri aliandika mstari mmoja tu, kwamba mwanamume wa miaka 40 anakohoa kwa wiki tatu, kisha akanyamaza; hakujibu ila alichoulizwa. Asiyeuliza habari za kutoka jasho usiku, kupungua uzito au kuishi na mtu mwenye kifua kikuu hakuambiwa. Nilijifunza kupanga maswali kwa namna ambayo sijaisahau.

Mikono na masikio ni habari nyingine. Nilimlaza mdogo wangu mkekani nikamgonga kifua upande wa kulia, nikishuka ubavu kwa ubavu, hadi mvumo wa pafu ukageuka sauti butu karibu na nafasi ya tano ya mbavu, pale ini linapoanzia. Hilo liliwezekana kwa sababu alikuwa mzima. Sauti za moyo mgonjwa tulitumiwa zikiwa zimerekodiwa, nami nilidhani nimezielewa, kumbe spika ndogo ya simu haitoi vema sauti nzito za chini.

Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, nilisimama mbele ya mama mwenye vali ya moyo iliyosinyaa, nikasikiliza kwa muda mrefu, nisisikie kitu. Daktari alimwomba alalie ubavu wa kushoto, akaweka upande wa kengele wa stetoskopu (chombo cha kusikilizia moyo), ule unaonasa sauti nzito, penye ncha ya moyo, akanipa masikioni. Ngurumo ikasikika, hafifu na nzito. Hakuna rekodi iliyokuwa imenifundisha kumgeuza mgonjwa.

Kwa hiyo mdogo wako akubali kusoma nadharia kwa simu, na anunue spika za masikioni zilizo nzuri. Lakini yeye na wenzake waombe chuo kiwaandikie ni wiki ngapi za wodini zitafidiwa, lini na katika hospitali ipi. Wakiambiwa kwamba mitihani ya vitendo nayo itafanyika kwa video, waombe kikao na uongozi kabla muhula haujaanza.